Maswali kwa Fundi: Bonneville ya maboksi saba, Bantam ya babu, na spana zisizoingia

Mwezi huu barua karibu zote ni za pikipiki za Kiingereza za zamani, na mi nimefurahi kweli maana ndo mashine nilizozikuta nilipofika Birmingham na ndo zilizonifundisha kazi upya. Zote siwezi kujibu. Nimechukua tano, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu huyu kijana bado hajakosea, na nataka nimuwahi.

Shikamoo fundi. Mi ni Mtanzania niko Coventry. Nimenunua Triumph Bonneville T120 ya 1968 kwa mzee jirani yangu, ililetwa kutoka Marekani, iko vipande kwenye maboksi saba. Injini haijafunguliwa ila inazunguka kwa mkono. Nataka niifanye kafe resa: nikate fremu kwa nyuma, niweke kiti cha nundu, usukani wa chini, rangi nyeusi kila mahali. Hela yangu ni ya mwezi kwa mwezi. Nianzie wapi?

Marahaba kijana wangu, na hongera sana. Ujue hiyo pikipiki imerudi kwao. Triumph walikuwa hapo hapo Coventry mjini mpaka Novemba 1940 mabomu ya Wajerumani yalipoangusha kiwanda, wakahamia Meriden, maili chache tu nje ya mji ukielekea Birmingham, wakaanza kazi kule 1942, na T120 yako imefungwa nati zake pale. Kiwanda kilifunga milango 1983, kikabomolewa, siku hizi ni nyumba za watu na kuna mtaa unaitwa Bonneville Close. Jumapili moja nenda kapite pale kabla hujashika spana, utaiangalia hiyo mashine kwa jicho lingine.

Sasa grainda weka chini. Nakuomba, hiyo fremu usiikate. Mwaka 1968 ndo waliiwekea breki ile kubwa ya mbele ya inchi 8 yenye viatu viwili vinavyokamata pamoja, na kabureta za Amal Concentric, na mafundi wengi ninaowaheshimu wanasema kuanzia hapo mpaka 1970 ndo Bonneville zilizokamilika. Fremu ikishakatwa hata uje ukaichomelee tena vizuri namna gani haiwi ile, na anayejua akiinama kuangalia chini ya kiti anaona.

Halafu kuna serikali. Uingereza pikipiki iliyopita miaka 40 hailipi kodi ya barabara na haidaiwi MOT, yaani ule ukaguzi wa kila mwaka, lakini kwa MOT sharti isiwe imebadilishwa sana. Na yako imetoka nje, kwa hiyo muulize yule mzee karatasi za ushuru ziko wapi, na utatakiwa uthibitishe umri wake DVLA, idara ya usajili wa magari, ndo upewe namba inayolingana na mwaka wake. Hapo watakusaidia Vintage Motor Cycle Club, chama cha wapenzi wa pikipiki za zamani, wao wanatunza vitabu vya kiwanda vinavyoonesha mashine ilitoka lini na ikatumwa wapi. Kabla hujawaandikia tazama mwenyewe: kwenye injini upande wa kushoto, chini kidogo ya silinda, kuna maandishi yamepigwa, yanaanza na T120 au T120R, yanafuata DU na tarakimu tano. Namba hiyo hiyo itafute kwenye shingo ya fremu. Zikifanana umebahatika. Ukikuta imeandikwa TR6 basi hiyo injini ni ya ndugu yake wa kabureta moja, mashine nzuri tu, na mi binafsi naipenda kuiendesha kuliko ya kabureta mbili, ila bei yake sio ile na yule mzee inabidi mkae mzungumze.

Tuje kwenye injini, na hapa nisome taratibu. Inazunguka kwa mkono, sawa, lakini usije ukatia petroli ukapiga kiki. Hizi injini za Triumph za silinda mbili hazikuwa na filta ya oili ya maana, zina wavu tu wa kuzuia vitu vikubwa. Uchafu mdogo mdogo kiwanda kiliuwekea mtego ndani ya krenki yenyewe: pale konrodi zinaposhika pametobolewa, ndani kuna kijibomba, oili ikipita huku krenki inazunguka ule uchafu mzito unatupwa pembeni unaganda kwenye kijibomba na oili safi inaendelea kwenye beringi za konrodi. Akili kubwa sana. Ila mtego ukijaa, oili haipiti tena. Na ili kuusafisha lazima upasue injini yote, kwa hiyo wengi hawakusafisha, kuanzia yule wa kwanza kule Marekani.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu Bonneville ya kwanza niliyoifanya hapa ilikuwa ya rafiki yangu, nikabadilisha pistoni, ringi, valvu, kila kitu kinang'aa, krenki nikaishika mkononi nikaiona nzuri nikairudisha hivyo hivyo. Miezi miwili ikanoki. Nilipokuja kufungua ule mtego niliyoyakuta mle ndani ni magumu kama lami, nimeyachokonoa kwa kipande cha waya dakika arobaini. Konrodi ilikuwa imekwisha, krenki imechubuka, na rafiki yangu alikuwa amejinyima kwa ajili ya ile kazi. Tangu siku hiyo hakuna krenki ya Triumph au BSA inayotoka kwenye gereji yangu bila kuzibuliwa, hata mwenye nayo aape kwamba ilishafanywa.

Namna ya kuufungua: mwisho wa lile tundu la mtego kuna kizibo cha nyuzi chenye mkato wa bisibisi, na kiwandani walikigonga alama pembeni kisifunguke. Ile alama itoboe kwanza kwa drili ndogo, kidogo tu, halafu pasha moto, halafu tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Lakini kabla ya kuvuta kijibomba toa bolti ya flaiwili inayokishikilia, kuna moja inaingia mpaka ndani yake, ukilazimisha bila kuitoa utakiharibu. Safisha mpaka hewa ipite matundu yote, rudisha, tia gundi ya nyuzi, gonga alama mpya. Ukishafika hapo pima beringi, pima krenki, na kazi ya kuchonga mpelekee mtu mwenye mashine. Ndo hela yako ya miezi ya mwanzo iende hapo, rangi itasubiri. Na ukifunga weka filta ya oili ya kisasa kwenye mpira unaorudisha oili kwenye tangi, haionekani kirahisi, inatoka bila alama, na huo ndo ubadilishaji mzuri kuliko wote utakaoifanyia hiyo mashine.

Kabureta: bodi zake ni za aloi laini ya zinki, watu wanakaza nati za flenji kwa nguvu mpaka uso unapinda, hewa inapenya, pikipiki inakohoa, mtu analaumu jeti. Weka kioo uiegeshe juu yake uone kama inakaa sawa. Kabureta za Amal bado zinatengenezwa mpya, zile wanazoziita Premier jeti ya mwendo mdogo inatoka na kuzibuliwa, kwenye nyingi za zamani haitoki, kwa hiyo kama zako zimelika usipoteze muda. Moto nao, zile pointi zinafanya kazi zikisetiwa vizuri, nafasi inchi 0.015, moto ukifunguka mwisho digrii 38 kabla pistoni haijafika juu. Ila kwa pikipiki ya kwenda kazini mi ningeweka mfumo wa elektroniki, Boyer Bransden wanao tangu miaka ya 70, vile vya zamani uviweke kwenye boksi na kibandiko.

Sasa hiyo kafe resa yako. Mi sipingi kabisa, tena ni urithi wa hawa hawa Waingereza. Vijana wa miaka ya 50 na 60 walikuwa wafanyakazi wenye mishahara midogo kama wewe, wanakutana Ace Cafe kwenye barabara ya North Circular London, pale pamefunguliwa 1938, pakafungwa 1969, pamefunguliwa tena 2001 ukiweza nenda. Walichokuwa wanatafuta ni maili 100 kwa saa. Wengi walifanya kwa kufunga vitu kwa bolti: usukani wa chini, vikanyagio vya nyuma, kiti cha mtu mmoja, tangi la alumini. Ile Triton inayosifiwa, injini ya Triumph kwenye fremu ya Norton Featherbed, sababu yake mojawapo ni kwamba watu wa magari madogo ya mashindano ya sisi 500 (500cc) walikuwa wananunua Norton nzima wachukue injini tu, zikabaki fremu nzuri hazina injini, na injini ya Triumph nayo inapatikana. Walitumia kilichokuwepo. Na haikuwa mapambo, Dave Degens, mwanamashindano aliyejenga pikipiki zake mwenyewe, alishinda saa 24 za Barcelona kwa Triton yake 1965, na 1970 akashinda tena.

Kwa hiyo we fanya hivyo hivyo. Kiti cha nundu kipo kinachokaa kwenye fremu ya T120 bila kukata, kinashikwa kwenye matundu yale yale ya kiti cha zamani. Vikanyagio vya nyuma vipo vya bolti. Usukani nakushauri ule mmoja uliopinda kwenda chini, wa aina ya Ace, kuliko vipande viwili vya kubana kwenye fok, maana mgongo wako utakushukuru Coventry mpaka Leicester. Tangi la faiba usinunue la zamani, petroli ya hapa ya E10 tangu 2021 ina ethanoli mpaka asilimia 10, inalainisha faiba na kuvua dawa za kupaka ndani, we weka petroli ya supa isiyozidi asilimia 5 na ubaki na tangi la chuma. Lile dogo la Kimarekani lililokuja nayo usiliuze hata ukipewa bei nzuri.

Na rangi. Fremu wakikushawishi rangi ya unga ya kuchomwa kwenye tanuri, sawa inadumu, ila simama pale uhakikishe wameziba nyuzi zote na mahali pa beringi za usukani. Kuna sehemu waliwahi kunirudishia fremu imepakwa mpaka ndani ya kila tundu, nilitumia siku tatu kuzirudisha nyuzi, na pikipiki ikagoma kuwaka kwa sababu hakuna mahali waya wa athi uligusa chuma. Kwangu mimi nyeusi kwenye fremu inatosha, tangi lipe rangi. Ila hilo ni lako, mi nakusihi kwenye kukata tu.

Fundi, mimi ni dada niko Leicester, najifunza kwa BSA A65 ya marehemu mume wangu. Spana namba 13 haiingii kwenye nati, 14 inaingia lakini inateleza na nishaharibu mbili. Nakosea nini?

Pole sana dada yangu kwa msiba, na hukosei kitu, ni spana ndo sio zake. Waingereza wa wakati ule walikuwa na vipimo vyao, spana inaitwa kwa unene wa bolti, haiitwi kwa upana wa kichwa kama tulivyozoea. Ile iliyoandikwa 1/4W, hiyo W ni Whitworth, jina la vipimo hivyo, kichwa chake ni milimita 13.3, ndo maana 13 inagoma na 14 inacheza halafu inakula pembe. Ya 3/16W ni 11.3 na ya 5/16W ni 15.2, zote zinaangukia katikati ya zile za kwetu. Nunua seti moja ya Whitworth iliyotumika kwenye soko la vitu vya zamani, chuma chake kizuri kuliko mpya nyingi, na soketi zake. Nyuzi nazo usizichanganye, bolti nyingi za BSA ni za nyuzi 26 kwa inchi, zile za sehemu za mwisho mwisho wa miaka ya 60 zikaanza kuwa za UNF, aina nyingine ya nyuzi, mashine moja unaweza ukakuta zote mbili. Bolti ikiingia mizunguko miwili ikaanza kuwa ngumu, simama, itoe, usiilazimishe. Hizo mbili zilizoharibika usizitupe mpaka upate zinazofanana ukazilinganisha mkononi.

Habari fundi. Norton Commando 850 yangu nikiiacha wiki tatu nikija kuwasha inatapika oili nyuma na kutoa moshi kama treni. Fundi wa hapa London anasema ringi zimekufa. Ni kweli?

Inawezekana, lakini kwanza fanya hili. Tangi la oili liko juu, pampu ya gia iko chini, na pampu ikilika kidogo oili inashuka polepole yenyewe inajaa chini ya injini, we ukiwasha krenki inaichapa ile oili yote. Siku ukiikuta imekaa muda mrefu usiwashe. Pima oili kwenye tangi: kama imepungua sana wakati chini hakuna iliyomwagika, iko ndani. Fungua kizibo cha chini ya injini, weka beseni, kinga, rudisha kwenye tangi, washa. Moshi ukiisha dakika chache basi ringi zako hazina kosa, pampu ndo ifanyiwe kazi. Watakuuzia bomba la kufunga njia ya oili kwa mkono. Usiweke. Siku moja tu ukisahau kulifungua injini imekwenda na Commando sio mashine ya kupoteza namna hiyo. Kama lazima, basi liwe lile lenye swichi inayozuia moto mpaka lifunguliwe.

Fundi nimefunga chaja ya simu kwenye Triumph yangu ya 1970, imeungua papo hapo na fyuzi imekatika.

Mashine yako athi yake ni chanya. Kwenye Lucas za wakati ule upande wa chanya wa betri ndo unaokwenda kwenye fremu, kinyume na gari na bodaboda zote ulizozizoea. Ganda la chaja lilikuwa hasi, likagusa usukani, ukapata shoti. Waya mwekundu uende kwenye fremu, mweusi uende hasi ya betri kupitia fyuzi yake peke yake, na ganda la chaja lisiguse chuma popote, liviringishie mpira. Angalia pia ile zena iliyo chini ya taa ya mbele yenye mapezi, ndo inayokula umeme wa ziada, hakikisha haijaungua na kwamba imekazwa vizuri pale inapopoa.

Shikamoo mzee. Niko Moshi. Babu alikuwa mwalimu na alituachia BSA Bantam, naambiwa ni D1, haijawaka miaka mingi. Bibi bado yupo na hataki iuzwe. Vijana wa bodaboda wanasema nitoe injini niweke ya Kichina ya 125 na niipulize rangi mpya. Spea zake zipo kweli?

Marahaba mjukuu wangu. Zipo, na nyingi, maana Bantam zilitengenezwa kuanzia 1948 mpaka 1971 na Waingereza bado wanazipenda, pistoni, ringi, sili, gasketi, hata krenki iliyofanywa upya, vyote vinatumwa kwa posta. Injini ya Kichina usiweke. Haikai bila kukata fremu, na ukishaikata ile si Bantam ya mwalimu tena, ni bodaboda yenye tangi la zamani.

Tena hiyo injini ina historia yake nzuri. Mchoro wake ni wa Wajerumani, DKW RT 125, baada ya vita washindi waliuchukua kama fidia, BSA wa Birmingham wakaugeuza kulia kushoto kama kwenye kioo ili gia ikae mguu wa kulia walivyozoea. Warusi walitoa yao, Harley-Davidson kule Marekani walitoa yao, na hata Yamaha pikipiki yao ya kwanza, YA-1 ya 1955, waliijenga kwa kufuata hiyo hiyo DKW. Kwa hiyo hao vijana wa bodaboda waambie waiangalie vizuri, wataona vitu wanavyovijua.

Ni sisi 123, gia tatu, tu-stroki, fundi mwangalifu wa Moshi anaiweza kabisa. Kwanza toa plagi, mwagia oili kidogo ndani ya silinda, iache usiku kucha, kesho yake izungushe kwa mkono taratibu, usipige kiki. Ikizunguka usifurahi bado, sili za krenki zitakuwa zimekauka kwa miaka yote hiyo, na zikikauka injini inavuta hewa kwa upande mmoja na oili ya giaboksi kwa upande mwingine, inawaka kwa shida na kutoa moshi mwingi, mtu anadhani ni pistoni. Badilisha sili hata kama zinaonekana nzima. Moto unatoka kwenye flaiwili yenye sumaku, nyingi ni za Wipac, safisha pointi kwa karatasi laini, koili ikiwa imekufa agiza. Kabureta chemsha, tangi toa kutu kwa mnyororo na kokoto ukilitikisa, kazi hiyo waachie wadogo zako. Petroli changanya na oili ya kisasa ya tu-stroki, mililita 31 kwa kila lita.

Rangi usiguse. Kaa na bibi kwanza, kitambaa na maji ya sabuni, mwoneshe, muulize babu aliinunua wapi na kila mkwaruzo ulitokana na nini, uandike. Rangi inaweza kupulizwa hata mwakani, lakini ikishapulizwa ile ya babu hairudi, na kwa mashine iliyokaa kwenye familia moja hivyo mi ningeipaka nta tu juu ya hiyo hiyo.

Niandikie tena namba ya fremu na namba ya injini, na unitazamie kama gurudumu la nyuma lina springi au limekazwa moja kwa moja kwenye fremu, maana za mwanzo hazikuwa na springi nyuma. Nikipata hayo ntakwambia ni ya miaka gani na sili gani uagize.